Paka mzee anayelia usiku kucha: tuanze na mwili wake kabla ya tabia yake

Swali: Asalaam aleikum daktari. Tunaishi Kibokoni, Mombasa, nyumba ya ghorofa, ya zamani. Nina paka jike, Lulu, nimemlea tangu sijaolewa. Sasa ana miaka 12 na alifungwa kizazi zamani. Tangu Ramadhani ipite hatulali. Ikifika saa tisa usiku anaanza kulia, mlio mrefu mzito ambao hakuwa nao, anazunguka ukumbini mpaka alfajiri. Mchana hunifuata jikoni akilia vilevile. Chakula anakula vizuri sana, anamaliza na kudai tena, japo naona amepungua mwili kidogo, labda ni hili joto la kaskazi. Mume wangu asema ni mazoea ya daku. Mavyaa asema paka akilia hivi usiku ameona kitu, na ataka tukamwache sokoni Marikiti. Jirani kaniambia nimpe Piriton alale. Nifanye nini?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Umeniandikia mambo mengi na nitayajibu, lakini kuna moja ulilolipitia haraka ambalo mimi nimelisoma mara mbili: anakula vizuri sana, anadai tena, na amepungua mwili. Kwa paka wa miaka 12, hayo yakikaa pamoja na mlio mpya wa usiku, hatuanzi na habari za tabia. Tunaanza na shingo, moyo, figo na macho. Joto la kaskazi humfanya paka ale kidogo na ajilaze kutwa kwenye sakafu yenye ubaridi. Halimfanyi ale maradufu kisha akonde.

Ugonjwa ninaoushuku kwanza ni wa tezi ya thairoidi. Tezi hii iko shingoni, vipande viwili, kimoja kila upande wa koo, na kazi yake ni kutoa homoni inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Paka akizeeka, mara nyingi baada ya miaka 10, tezi inaweza kuvimba na kumwaga homoni kupita kiasi. Uvimbe wenyewe kwa kawaida si saratani, lakini mwili mzima unawekwa mbioni. Moyo unadunda kasi, chakula kinaungua kabla hakijawa nyama, paka anahisi njaa isiyokwisha na hawezi kutulia. Usiku nyumba ikinyamaza, yeye ndipo anapohangaika. Wengine hutapika kila siku mbili tatu, huharisha, hunywa maji mengi, na manyoya yao hukakamaa kwa kuwa hawajilambi tena kama zamani.

Ugonjwa huu ulianza kuelezwa kwa paka mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, na leo ni miongoni mwa magonjwa ya kawaida kabisa ya paka wazee. Bado hucheleweshwa majumbani, kwa sababu moja: sote tumezoea kwamba mnyama mgonjwa hugoma kula. Huyu hagomi. Anakula, anaruka, anachangamka, na watu wa nyumbani husema mzee amerudi ujanani. Wakija kushtuka, mgongo umeshakuwa mifupa.

Mpime uzito leo hii. Kama mna mizani ya watu nyumbani, panda ukiwa umempakata Lulu, soma, kisha panda peke yako, na utoe. Mizani ya namna hiyo haioni gramu mia vizuri, kwa hiyo ya daktari ndiyo ya kuaminiwa, lakini itakupa mwanzo. Tafuta pia kadi yake ya chanjo, kwa kuwa mara nyingi uzito wa zamani umeandikwa humo. Akiwa alikuwa na kilo 4 na sasa ana 3.6, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Mtu wa kilo 70 angekuwa amepoteza kilo 7, na hakuna ambaye angesema "amepungua kidogo".

Kitu cha pili unachoweza kufanya mwenyewe: akiwa amelala usingizi mzito, si akiwa macho anakoroma kwa raha, ule mngurumo wa koo, wala baada ya kuruka, tazama ubavu wake na saa mkononi. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Paka aliyelala anapaswa kuwa chini ya pumzi 30. Ikizidi hapo, na ukahesabu tena siku hiyo hiyo ukapata vilevile, usingoje miadi. Moyo unaweza kuwa umeanza kuchoka.

La tatu ni macho. Simama naye mahali penye mwanga wa kutosha, karibu na dirisha asubuhi, uzitazame mboni. Kwenye mwanga zinatakiwa zibane ziwe vijistari vyembamba. Zikibaki zimetanuka, nyeusi, duara kubwa, au umeanza kumwona akigonga mguu wa kiti au kusita kabla ya kuruka mahali alipokuwa akiruka kila siku, shuku presha. Presha ya damu huwapata paka wazee kama inavyowapata wazee wetu, mara nyingi ikifuatana na thairoidi au figo, na ikipita 160 kwa muda huanza kuharibu macho, figo, moyo na ubongo. Paka anaweza kupofuka kwa usiku mmoja. Paka aliyepofuka ghafla hulia kwa sauti kubwa gizani, amesimama katikati ya chumba, kama aliyepotea. Presha nayo ina dawa, na macho yakiwahiwa, mara nyingine huokoka.

Figo nazo lazima ziangaliwe. Paka mwenye figo dhaifu hunywa sana, hukojoa sana, na huamka usiku kwa kiu. Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya wageni havilitaji: maji ya visima na ya mifereji mingi ya Mombasa yana chumvi. Paka huionja. Nimewahi kuona nyumba ambako bakuli la maji liko tele na paka anakaa kwenye sinki akilia, kwa kuwa yale ya bakuli hayamshuki. Mwekee Lulu maji yale yale mnayokunywa ninyi, ya mtungi, mabakuli mawili au matatu mahali tofauti, mbali na chakula na mbali kabisa na beseni lake la mchanga.

Masikio ni rahisi kupima, ila nyumba kama yako inadanganya. Sakafu za mbao juu ya boriti hutetema ukikanyaga, na paka kiziwi husikia mguu wako kwa nyayo zake. Kwa hiyo usimjie kwa nyuma. Kaa kimya umempa muda wa kukusahau, halafu bila kuinuka, asipokuona, kunjakunja mfuko mkavu wa karatasi. Asipogeuza sikio hata moja baada ya majaribio ya siku mbili tatu, huenda hasikii, au anasikia kidogo. Paka aliyeanza kuwa kiziwi hupandisha sauti kwa sababu haisikii yake mwenyewe, na mlio huwa mzito wa ajabu, kama ulivyoueleza.

Kuna pia kuchakaa kwa ubongo. Kwa paka waliofika miaka 15 na kuendelea, dalili zake huonekana kwa karibu nusu yao: kusahau beseni lilipo, kuganda mbele ya ukuta, kugeuza mchana kuwa usiku, kulia bila kumwelekea mtu. Lulu hajafika umri huo, na sitaki mtu yeyote akuambie "ni uzee tu" kabla ya kupima damu. Uzee unatajwa mwisho, yakishaondolewa mengine yote. Maumivu ya meno na ya viungo nayo yamo kwenye orodha, na daktari atayaona akifungua mdomo na kumkunja miguu.

Sasa safari yenyewe. Nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na anayetibu paka mara kwa mara. Kuna madaktari wazuri sana wa ng'ombe ambao paka hawamwoni kwa mwaka mzima. Piga simu kwanza uulize mambo mawili: je, anaweza kupima presha ya paka, na je, anaweza kupima T4, yaani homoni ya thairoidi, au kuipeleka damu maabara inayoipima. Ukijibiwa ndiyo, weka miadi ya asubuhi mapema. Jua la saa saba ndani ya tuktuk si la kumpitishia paka ambaye moyo wake huenda uko mbioni. Mtie kwenye kapu lenye mfuniko, umtandikie leso uliyoivaa wewe, isiyofuliwa, na umfunike na nyingine asione pikipiki na malori. Njiani akifungua mdomo na kuhema kama mbwa, simamisha, mpatie hewa na kivuli, na mwambie daktari kabla hajamshika.

Mpelekee daktari vitu viwili. Kwanza, video ya simu ya Lulu akilia usiku, yenye sauti, hata kama ni giza. Paka wengi hunyamaza mezani kwa daktari, na mlio wenyewe unasema mengi. Pili, karatasi. Andika kwa usiku utakaobaki kabla ya miadi: saa aliyoanza, mahali alipokuwa amesimama, na kilichofuata, maana yake ni nani aliamka na akampa nini. Hayo matatu tu. Hiyo karatasi itakusaidia hata kama damu itatoka safi, na nitaeleza kwa nini nikifika kwa mumeo.

Daktari atashika koo la Lulu kwa vidole viwili akitafuta uvimbe mdogo, kama punje ya kunde, unaoteleza. Asipouhisi, bado damu ipimwe, maana tezi nyingine hushuka chini hadi kifuani zisishikike. Mwombe apime thairoidi, figo, ini na sukari kwa damu hiyo moja, na mkojo ukipatikana. Sukari nimeitaja kwa kuwa kisukari nacho hufanya paka ale sana na akonde.

Ikiwa ni thairoidi, inatibika, na nimeona paka wakirudi kulala usiku na kunenepa. Njia iliyo rahisi kwetu ni vidonge vya kupunguza homoni, methimazoli au kabimazoli, kila siku, maisha yake yote. Kabimazoli ni dawa ya watu pia, na hapo nakuomba jambo: kama kuna shangazi mwenye goita anayeitumia, usichukue kidonge chake ukamkatia Lulu. Dozi ya paka hupangwa kwa damu yake, hupimwa tena baada ya wiki mbili tatu, na dawa hizi zinaweza kudhuru ini au chembe za damu kama hakuna anayeangalia. Upasuaji wa kutoa tezi upo. Ng'ambo kuna tiba ya ayodini yenye mionzi ambayo kwa paka wengi humaliza kabisa. Kipo pia chakula maalumu chenye ayodini kidogo mno, lakini hicho hufanya kazi pale tu paka asipoonja kitu kingine. Kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka soko la samaki, ambako kila mtoto humrushia paka mfupa, sikushauri utegemee hicho. Samaki wa baharini wana ayodini tele.

Na umuulize daktari akupangie kipimo cha pili cha figo baada ya dawa kuanza. Thairoidi iliyo mbioni husukuma damu nyingi kwenye figo na kuzifanya zionekane nzima kuliko zilivyo. Ikishatulizwa, ndipo hali halisi ya figo inapojitokeza. Watu wengine hukiona kipimo hicho cha pili wakadhani dawa imeharibu figo, wakaiacha, na paka akarudi pale pale. Ugonjwa wa figo ulikuwepo, umefichwa tu.

Mumeo naye hajakosea. Amepata sababu moja, na inaweza kuwa ya kweli sambamba na ugonjwa. Mwezi mzima wa Ramadhani taa ziliwashwa mnamo saa tisa, saa kumi, sufuria zikalia, watu wakakaa kitako, na Lulu akapata kipande cha samaki au ute wa nyama. Siku 30 zinatosha na zaidi kumfundisha paka saa ya kula. Kisha Idi ikaingia, mkalala, yeye akaamka kwa saa yake. Akalia. Mtu mmoja akaamka akampa kitu ili wengine walale. Usiku wa pili hakuna aliyeamka, wa tatu akaamka mwingine. Hilo la kupata mara moja na kukosa mara mbili ndilo linalokita mazoea kuliko kupata kila siku, kwa sababu paka hujifunza kwamba akizidi kulia, hatimaye mlango hufunguka.

Kumpuuza pia ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, na usijilaumu kwamba unaamka. Paka wazima wakiwa wao kwa wao hawaliani nyau kwa kawaida. Ule mlio ni wa kitoto kumwita mama yake, na wale wanaoishi nasi huuendeleza hadi uzeeni kwa sababu sisi tunaujibu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakiongozwa na Karen McComb, walirekodi paka wakikoroma kwa kuomba chakula na wakikoroma kwa raha tu. Ndani ya ule wa kuomba walikuta sauti ya juu, kama kilio, isiyo mbali na ya mtoto mchanga. Hata watu wasiowahi kufuga paka waliusikia kuwa wa dharura zaidi.

Mazoea ya daku yanavunjika hivi. Chakula chake kikubwa mpe usiku, baada ya nyinyi kula, karibu na kulala. Kabla ya chakula hicho mchezeshe dakika kumi au kumi na tano kwa uzi wenye kitambaa mwishoni, akimbie, aruke, amkamate "panya" wake mara kadhaa. Paka hupenda kuwinda, kula, kujilamba na kulala, kwa mfuatano huo. Alfajiri asipewe kitu pindi mtu anapoamka kwa sala. Aliyeamka na atawadhe, asali, amalize shughuli, na chakula kije baadaye, wakati Lulu amenyamaza. Siku za kwanza atalia zaidi ya ilivyokuwa. Tarajieni hivyo, na waambieni majirani wa pale chini mapema. Wengi hushindwa usiku wa tatu au wa nne, wakampa, na hapo wamemfundisha kwamba kiasi kipya cha kelele ndicho kinachotakiwa. Na nyumba nzima ikubaliane. Mjukuu mmoja mwenye huruma akificha dagaa chini ya mto, kazi yote imerudi mwanzo.

Lakini, dada yangu, usianze mpango huo kabla ya majibu ya damu. Hili ndilo nilitaka ulibebe kuliko yote niliyoandika. Ikiwa thairoidi ya Lulu iko mbioni, njaa anayoilia ni njaa ya kweli. Kumpuuza usiku, paka ambaye mwili wake unajila wenyewe, ni kumtesa, na hatajifunza chochote, kwa sababu njaa haijui adabu. Karatasi yako ya saa, mahali na kilichofuata itatusaidia kutenganisha. Mwenye mazoea hulia saa ile ile, karibu na mlango wa jikoni au wa chumba chenu, na hunyamaza akishapata. Mgonjwa hulia saa yoyote, mahali popote, na hata baada ya kula anarudi ukumbini. Uliniandikia kwamba analia hata mchana na kwamba akimaliza anadai tena. Hiyo inaniegemeza upande wa pili.

Kwa mavyaa, mpe salamu zangu za heshima. Hofu ya paka anayelia usiku ni ya zamani pwani yetu, na simdharau mtu aliyelelewa nayo. Ninachomwomba ni mpaka damu ipimwe. Mwambie kwamba Lulu anaweza kuwa anaona gizani kitu kinachoitwa presha, na kwamba kuna kidonge chake. Kuhusu Marikiti, nitasema waziwazi. Paka wa miaka 12 aliyekulia ghorofani, pengine mgonjwa, akiachwa sokoni kati ya paka shume wenye mitaa yao, hamalizi wiki nyingi. Kila aliyepita chuoni anaijua hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Nadhani mavyaa ataikumbuka kabla yangu.

Piriton: hapana, si kwa mkono wako. Dawa za jamii hiyo daktari huweza kumpa paka kwa sababu zake, lakini kwa mnyama anayeshukiwa thairoidi au presha zinahitaji hadhari, na usingizi utakaompa utaificha dalili inayotupa njia. Na kwa kuwa jirani wa Piriton kwa kawaida ana Panadol kwenye mkoba huo huo, nalisema kwa sauti: Panadol humuua paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha. Uso huvimba, fizi hugeuka rangi ya matope, anakosa pumzi. Aliyekwisha kumpa akimbie kwa daktari saa hiyo hiyo, bila kungoja dalili. Vilevile dawa za kupe na viroboto za mbwa zenye permetrini zisimguse.

Nawageukia kidogo wasomaji wengine, maana najua swali hili litasomwa na wenye paka vijana. Jike asiyefungwa kizazi akianza kulia kwa sauti ya kukwaruza, akijigaragaza, akiinua kiuno na kukunja mkia kando, haumwi. Anataka dume. Hali hiyo hudumu kama wiki moja na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili tatu. Katika nchi za baridi paka jike hupumzika majira ya mchana mfupi, kwa sababu mwili wa paka hufuata urefu wa mchana. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, basi hakuna mapumziko. Anaweza kuanza akiwa na miezi minne hadi sita, na mimba ni siku 63 hadi 65. Mfungeni kizazi. KSPCA, shirika la kutunza wanyama, wana tawi Mombasa, mnaweza kuanza kwa kuwauliza.

Dume anayelia akiwa amechuchumaa kwenye mchanga, akiingia na kutoka, tone halitoki: hiyo si ya kuulizia kwa maandishi. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na huziba. Ndani ya siku moja au mbili sumu ya mkojo humuua. Apelekwe usiku huo huo. Na paka yeyote, hasa wa kutokatoka, ambaye sauti yake imebadilika ghafla ikawa ya kukwama, akawa mkali bila sababu, anadondosha mate au kulegea miguu, msimshike. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na Kenya bado inapigania kukimaliza kwa watu ifikapo 2030. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo kwa chanjo.

Turudi kwako, dada. Kati ya leo na miadi, mpe Lulu chakula cha kutosha, milo midogo mingi, na wa mwisho uwe mnapolala. Akilia saa tisa, mpe kidogo, bila kumfokea, na uandike. Samaki awe amepikwa: wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na samaki peke yake hamtoshi paka, achanganyiwe na kuku. Acha taa ndogo ukumbini, ili kama macho yamepungua asipotee. Beseni la mchanga lisogezwe karibu na anapolala, lisiwe ngazi moja chini. Mwekee ile leso yako mahali pake pa kulala.

Simu ya daktari ipigwe kesho asubuhi, si wiki ijayo. Ukipata majibu niandikie kiwango cha T4, cha kriatinini (kipimo cha figo), presha na uzito wake. Ikiwa vyote vimetoka sawa, tutaanza na mpango wa daku usiku ule ule, na mumeo ndiye atakayeusimamia. Ikiwa thairoidi iko juu, usitarajie usingizi wiki ya kwanza ya dawa. Hesabu wiki tatu hivi, umpime uzito kila Ijumaa asubuhi kabla ya kula. Na Ramadhani ijayo, kwa vyovyote vile, chakula chake kije baada ya futari na baada ya tarawehe. Wakati wa daku bakuli lake libaki tupu, hata akikutazama vipi.